Ana wa Hekaluni, mwanamke aliyeshika pindo na mabinti wa Ayubu: tuwasome wanawake wa Agano Jipya ndani ya ibada ya Kiyahudi

#1 Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya jambo ambalo nimelisikia katika mahubiri mengi na kulikuta katika vitabu vingi vya mafundisho. Mwanamke akitokea katika Injili, mhubiri huanza kwa kuipaka masizi dini ya Kiyahudi. Huambiwa kwamba wanawake wa wakati ule hawakuwa na thamani yoyote, kwamba hawakuruhusiwa kusali wala kujifunza, kwamba Torati iliwatupa nje ya jamii kila mwezi, ndipo Yesu akaja kuwatoa katika kifungo hicho. Masimulizi haya huonekana kumpandisha mwanamke, lakini kwa kweli humnyang'anya kila alichokuja nacho: sala zake, mfungo wake, nadhiri zake, ujuzi wake wa maandiko na ukombozi aliokuwa akiutarajia tangu ujana wake. Anabaki mtu mtupu anayesubiri kujazwa.

Hoja yangu ni kwamba wanawake hawa walikuwa Wayahudi wacha Mungu, na kwamba matendo yao ambayo sisi tunayaona kuwa ya ajabu au ya uasi yalikuwa na mizizi katika ucha Mungu wa taifa lao, pamoja na imani yao kuhusu malaika, Hekalu na kiti cha enzi cha Mungu. Amy-Jill Levine, msomi Myahudi wa Agano Jipya, amewaonya Wakristo kwa miaka mingi kuhusu tabia ya kumtukuza Yesu kwa kuuchafua Uyahudi uliomlea, nami ninakubaliana naye kabisa. Siandiki haya ili kupunguza imani ya mtu. Ninaandika kwa sababu ninawapenda wanawake hawa na ninaona tumewasoma vibaya.

Naanza na Ana, ambaye Luka amempa aya tatu tu (2:36-38), tena aya ambazo wengi wetu huzipita haraka ili tufike kwenye habari ya mtoto Yesu akiwa na miaka 12. Luka anamwita nabii. Anamtaja baba yake, Fanueli, na kabila lake, Asheri. Anasema alikuwa mjane mzee sana, haondoki Hekaluni, anaabudu usiku na mchana kwa kufunga na kuomba. Hakuna hata neno moja linaloonyesha kwamba makuhani walimzuia au kwamba watu walimshangaa. Alikuwa mahali pake. Hekalu la Herode lilikuwa na Ua wa Wanawake ambao, kwa mujibu wa Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi), ulikuwa na upana na urefu wa dhiraa 135, na waliosali humo walikuwa wanaume na wanawake pia, kwa kuwa ndiyo njia iliyoelekea kwenye ua wa ndani. Wasomi wengi wanaona kwamba humo ndimo yalimokuwa yale masanduku 13 ya sadaka yenye midomo kama tarumbeta, ambamo mjane wa Marko 12 alitia senti zake mbili.

Sasa tazameni kabila. Asheri ni mojawapo ya makabila ya kaskazini, yale ambayo kwa sehemu kubwa yalitoweka katika kumbukumbu baada ya Waashuri kuuangusha Samaria katika karne ya 8 kabla ya Kristo. Kwa nini Luka atutajie kabila la bibi huyu? Msomaji Myahudi aliyesikia maneno "mwanamke mzee sana, wa Asheri, anayetangaza ukombozi" alikuwa na mtu mwingine wa kumkumbuka: Sera, binti Asheri. Katika orodha ya watu walioshuka Misri pamoja na Yakobo, Mwanzo 46:17 inamtaja Sera kuwa umbu la wana wa Asheri, na Hesabu 26:46 inamtaja tena katika sensa iliyofanywa vizazi kadhaa baadaye. Marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, walijiuliza kwa nini mwanamke mmoja atajwe mwanzoni na mwishoni mwa safari ile ndefu, wakajibu kwamba aliishi muda wote huo. Katika masimulizi yao, ni Sera aliyeyajua maneno ya siri ambayo mkombozi wa kweli angeyatamka, hivyo wazee wa Israeli walimwendea kumuuliza kama Musa ni yeye au siye. Na ni Sera aliyemwonyesha Musa mahali mifupa ya Yusufu ilipofichwa. Sera alikuwa mtunza siri ya ukombozi. Ana, wa kabila lile lile, anasimama Hekaluni na kuwaambia wote walioutarajia ukombozi wa Yerusalemu kwamba huyu ndiye.

Ongezeni juu ya hapo Yudithi, ambaye ndugu Wakatoliki wanamsoma katika Biblia yao: mjane asiyeolewa tena, anayefunga siku zote za ujane wake isipokuwa sabato na sikukuu, anayeishi hadi miaka 105 na kuwaimbia Israeli wimbo wa wokovu. Na Hana, mama wa Samweli, ambaye jina lake ndilo la Ana, naye aliomba katika nyumba ya Mungu mpaka kuhani akamdhania mlevi. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, inasema kwamba kanuni nyingi kubwa za sala zilijifunzwa kwa Hana: kwamba anayesali auelekeze moyo wake, kwamba midomo itamke, kwamba sauti isipazwe. Myahudi anaposimama kusali sala yake kuu kimya kimya, mwanamume kwa mwanamke, anasali kama Hana. Dini ambayo imemfanya mwanamke kuwa mwalimu wa sala si dini iliyowakataza wanawake kusali.

Wa pili ni yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Hapa ndipo mahubiri yetu hupotoka zaidi. Tunaambiwa kwamba alikuwa amevunja sheria kwa kutoka nyumbani, kwamba angeweza kupigwa mawe, kwamba Yesu aliifuta sheria hiyo kwa kumruhusu amguse. Fungueni Mambo ya Walawi 15 msome sura yote. Hakuna mawe. Hakuna amri ya kufungiwa ndani. Nusu ya kwanza ya sura inahusu wanaume wenye kutokwa, na masharti yao ni yale yale: kuoga, kungoja hadi jioni, na kwa ugonjwa wa muda mrefu, kuhesabu siku 7 baada ya kupona na kupeleka hua wawili au makinda mawili ya njiwa siku ya 8. Unajisi haukuwa dhambi. Mtu aliyemzika mama yake alikuwa najisi kwa siku 7, na kumzika mama ni wajibu mtakatifu. Unajisi ulihusu kuingia Hekaluni, na habari hii inatokea Galilaya, mwendo wa siku kadhaa kutoka Hekaluni. Marko, Mathayo na Luka hawasemi kwamba umati ulimkwepa. Wanasema alikuwa mgonjwa, na Marko anaongeza kwamba waganga walikuwa wamemaliza mali yake.

Basi alifanya nini? Alishika pindo la vazi. Mathayo na Luka wanatumia neno ambalo tafsiri ya Kiyunani ya Torati inalitumia kwa vile vishada ambavyo Hesabu 15:38 inawaamuru Waisraeli kuvivaa katika ncha za nguo zao ili wazikumbuke amri za Bwana. Yesu alivaa vishada kama Myahudi mwingine yeyote mwenye kuishika Torati, na mwanamke huyu alivielekea hivyo. Talmudi ina habari ya Hanani, mjukuu wa Honi yule mwomba mvua: mvua ilipokosekana, marabi waliwatuma watoto wa shule wamshike pindo la joho lake na kumwambia, "Baba, baba, tupe mvua." Nabii Zekaria (8:23) naye anasema kwamba watu kumi wa mataifa watashika upindo wa nguo ya Myahudi mmoja na kusema wamesikia kwamba Mungu yu pamoja naye. Kushika pindo la mtu wa Mungu ilikuwa namna ya kuomba. Mwanamke yule alimwendea mcha Mungu wa taifa lake kwa njia ambayo taifa lake liliifahamu, na Marko 6:56 inaonyesha kwamba wengine wengi walifanya vivyo hivyo.

Kuhusu malaika na maono nitaendelea nikipata nafasi. Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji

Mleta uzi, nimekusoma kwa makini na nakushukuru. Nina pingamizi moja ambalo naona ni zito. Talmudi ya Babeli ilikusanywa karne nyingi baada ya Luka kuandika. Unawezaje kumweleza Ana kwa hadithi ya Sera ambayo huenda haikuwapo bado? Sisi tuliosoma historia tunafundishwa kutotumia chanzo cha baadaye kueleza tukio la awali.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki na linastahili jibu kamili.

Ni kweli kwamba Mishna ilikamilishwa karibu mwaka 200 na Talmudi ya Babeli karne tatu hivi baadaye au zaidi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba Luka aliisoma habari ya Sera kama tulivyo nayo leo. Ninachoweza kusema ni kwamba swali lenyewe liko katika Torati: msomaji yeyote makini wa karne ya kwanza aliweza kuona kwamba Sera ametajwa Misri ikiingiwa na ametajwa tena Misri ikiwa imeachwa. Na Luka hakuwa na sababu nyingine inayoeleweka ya kututajia kabila la Asheri. Naliona jambo hili kuwa la uwezekano mkubwa, si la hakika.

Habari ya Honi ina uzito zaidi, kwa sababu mwanahistoria Yosefo, aliyeandika katika karne ya kwanza, anamtaja kwa jina la Oniasi na kusimulia kifo chake katika vita vya ndugu wawili wa ukoo wa Wahasmonea, ukoo uliowatawala Wayahudi, karibu mwaka 65 kabla ya Kristo. Mjukuu wake kwa hiyo angekuwa mtu wa zama za Yesu au kabla kidogo. Mwaka 1973 msomi Geza Vermes alichapisha kitabu kilichomweka Yesu miongoni mwa wacha Mungu wa namna hii, watu waliosali na mvua ikanyesha, waliosali na wagonjwa wakapona.

Tena vipo vyanzo ambavyo tarehe yake haina mashaka. Filo wa Aleksandria, mwanafalsafa Myahudi aliyefariki katikati ya karne ya kwanza, anaeleza jumuiya ya Wayahudi karibu na ziwa Mareotis huko Misri ambamo wanaume na wanawake walijitenga na dunia ili kuyatafakari maandiko. Wanawake hao, wengi wao wazee waliobaki bila kuolewa kwa hiari yao wenyewe, walisikiliza mafundisho ya sabato wakiwa nyuma ya ukuta mfupi uliosimama kati yao na wanaume, wasipitwe na neno. Usiku wa sikukuu yao walikesha. Makundi mawili yaliimba, moja la wanaume na moja la wanawake, kisha yakaungana kuwa moja kwa kuufuata mfano wa Musa na Miriamu kando ya Bahari ya Shamu, mpaka alfajiri. Mtu aliyesoma Filo hawezi kumshangaa Ana anayeabudu usiku na mchana.

#4 Mchangiaji (katekista mstaafu)

Wanangu, nimefuatilia mazungumzo yenu kwa furaha. Mimi ni katekista mstaafu. Naona mmepita bila kumgusa Mama Bikira Maria, naye ndiye wa kwanza. Tulifundishwa seminari ndogo kwamba yeye ni Sanduku la Agano. Je, hilo nalo lina mizizi ya Kiyahudi, au ni ibada ya Kanisa la baadaye?

#5 Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Ahsante kwa kuliuliza hili.

Wako wasomi waliolishikilia kwa nguvu kwamba Luka mwenyewe ndiye aliyeliandika hivyo. Daudi anauliza katika 2 Samweli 6:9, "Sanduku la Bwana litanijiaje?" na Elisabeti anauliza inakuwaje mama wa Bwana wake amjie. Daudi anacheza mbele ya Sanduku, na mtoto anaruka tumboni. Sanduku linakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-edomu, na Maria anakaa kama miezi mitatu kwa Elisabeti. Zaidi ya yote, malaika anasema nguvu za Aliye juu zitamfunika kama kivuli, na kitenzi hicho cha Kiyunani ndicho kinachotumika katika Kutoka 40:35 kwa wingu lililokaa juu ya hema ya kukutania hata Musa asiweze kuingia. Raymond Brown, padri Mkatoliki na bingwa wa Injili, aliona kwamba ushahidi wa Sanduku hautoshi. Mimi naona ule wa wingu una nguvu, huu mwingine hauna nguvu sawa.

Lakini ipo habari nyingine ninayoipenda zaidi, nayo imo katika Injili ya Utoto ya Yakobo, maandiko ya karne ya 2 yasiyo katika Biblia. Makuhani wanahitaji pazia jipya la Hekalu, wanawaita mabikira wa ukoo wa Daudi na kupiga kura, na kura ya nyuzi za zambarau na nyekundu inamwangukia Maria. Malaika anapomjia yuko nyumbani anasokota nyuzi hizo. Wengi hudharau masimulizi hayo kama ngano. Hata hivyo Mishna inahusisha wasichana na ufumaji wa pazia la Hekalu, na kitabu cha Pili cha Baruku, kilichoandikwa na Myahudi aliyekuwa akiomboleza baada ya mwaka 70, kinawaambia mabikira wanaosokota kitani na hariri kwa dhahabu ya Ofiri watwae vyote wavitupe motoni, kwa kuwa Hekalu limeanguka. Kwa hiyo, awe amelisokota Maria au la, mwandishi alijua kwamba mikono ya wasichana wa Yerusalemu ndiyo iliyotengeneza kile kitambaa kilichoficha Patakatifu pa Patakatifu.

#6 Mchangiaji (mchungaji)

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mchungaji wa kanisa la Kipentekoste. Dada mleta uzi, umeahidi kuzungumza kuhusu malaika. Nina aya mbili ambazo wanawake wa kanisani kwangu huniuliza kila mara, na jibu sijawa nalo la kuniridhisha. 1 Wakorintho 11:10 inasema mwanamke awe na alama kichwani "kwa ajili ya malaika." Malaika wanahusikaje na kilemba? Na ya pili ni 14:34, wanawake wanyamaze.

#7 Mleta uzi

Mchungaji, amina. Naanza na malaika, ile nyingine nitairudia.

Wengine huieleza aya ile kwa habari ya Mwanzo 6, wana wa Mungu walioona binti za wanadamu kuwa wazuri, habari ambayo kitabu cha Henoko kimeipanua sana. Maana hiyo inawezekana. Lakini baada ya hati za jumuiya ya Kiyahudi ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kugunduliwa kuanzia mwaka 1947, maana nyingine ilijitokeza. Kanuni ya jumuiya ile inakataza watu wa aina fulani kuingia kusanyikoni kwa sababu malaika watakatifu wako katikati yao. Zikapatikana pia nyimbo 13 za sabato ambamo waabudu wa duniani wanaelezwa ibada ya makuhani wa mbinguni, makerubi wanaobariki, na gari la kiti cha enzi cha Mungu. Nakala za nyimbo hizo zilipatikana Qumran na hata katika ngome ya Masada. Watu hawa waliamini kwamba wanaposali, wanasali pamoja na malaika, chumba kimoja, wimbo mmoja. Msomi Joseph Fitzmyer aliiunganisha imani hiyo na 1 Wakorintho 11 mwishoni mwa miaka ya 1950.

Ukisoma hivyo, aya ya 10 inageuka. Paulo ameshasema katika aya ya 5 kwamba wanawake wanasali na kutoa unabii mbele ya kanisa, wala hawakatazi. Suala lake ni adabu ya mtu anayesimama mbele ya jeshi la mbinguni. Mwanamke nabii wa Korintho yumo katika ibada ya malaika.

Je, kuna mwanamke Myahudi wa zama hizo anayeelezwa akiabudu kwa namna hiyo? Wapo watatu. Biblia inawataja mabinti wa Ayubu katika Ayubu 42:14-15 na kusema baba yao aliwapa urithi kati ya ndugu zao. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Wasia wa Ayubu, ambacho wasomi wengi wanakiona kuwa cha Wayahudi wa karne ya kwanza kabla au baada ya Kristo, kinaeleza urithi huo ulikuwa nini. Wana wa kiume wanagawiwa mali. Mabinti wanalalamika kwamba hawakupewa kitu, na Ayubu anawaambia kwamba amewawekea urithi bora kuliko wa kaka zao. Anawapa mikanda mitatu inayong'aa, isiyo ya dunia hii, aliyopewa na Mungu siku alipoponywa. Wa kwanza anapojifunga mkanda wake anapokea moyo mwingine, hafikirii tena mambo ya dunia, naye anamsifu Mungu kwa lugha ya malaika. Wa pili anasifu kwa lugha ya wakuu wa mbinguni. Wa tatu anasifu kwa lugha ya makerubi. Na Ayubu anapofariki, mabinti hawa wanayaona magari ya utukufu yanayokuja kuichukua roho yake.

Mchungaji, unaijua 1 Wakorintho 13:1 kwa moyo: "Nijaposema kwa lugha za wanadamu na za malaika." Unazijua habari za mabinti wanne wa Filipo waliotabiri, Matendo 21:9. Sisemi Paulo aliusoma Wasia wa Ayubu. Nasema kwamba Wayahudi waliozungumza Kiyunani waliweza kuwafikiria wanawake wakiwa na ulimi wa makerubi na macho ya kuona gari la enzi, na kwamba manabii wanawake wa Korintho hawakuzuka kutoka hewani.

#8 Mchangiaji

Hapa lazima nipinge. Gershom Scholem, mwanzilishi wa utafiti wa kisasa kuhusu maono ya siri ya Kiyahudi, aliandika mwaka 1941 kwamba mapokeo hayo yaliundwa na wanaume kwa ajili ya wanaume. Maandiko ya marabi kuhusu kupaa hadi majumba ya mbinguni yana Rabi Akiva na Rabi Ishmaeli, hayana mwanamke anayepaa. Naona unatumia kitabu kimoja kubeba mzigo mkubwa. Halafu wengine humu ndani watatuletea Shekina, kwamba ni upande wa kike wa Mungu, na Maria Magdalena ndiye mfano wake. Tuwe waangalifu.

#9 Mleta uzi

Umefanya vema kuleta jina la Scholem, na kuhusu Shekina niko upande wako. Kwa marabi wa Talmudi, Shekina ni uwepo wa Mungu unaokaa na watu wake, hata uhamishoni. Shekina kuwa mhusika wa kike ndani ya siri za Mungu ni jambo linaloonekana waziwazi katika vitabu vya mafumbo ya Kiyahudi: Bahiri, mwishoni mwa karne ya 12, na Zohari, mwishoni mwa karne ya 13. Kumrudisha katika Injili ni kuruka miaka zaidi ya 1,000. Anayetafuta sura ya kike yenye umri unaofaa amtazame Hekima wa Mithali 8 na wa Yoshua bin Sira 24, anayeweka hema yake Yerusalemu na kuhudumu mbele za Mungu.

Kwa Scholem, hata hivyo, sikubali kila kitu. Vitabu vya majumba ya mbinguni ni vya baadaye na ni vya kundi dogo la wanaume wasomi. Havituelezi ucha Mungu wote. Talmudi yenyewe inasimulia kwamba Abba Hilkia na mkewe walipanda darini kuombea mvua, yeye kona hii na mke kona ile, na wingu likatokea kwanza upande wa mke. Alipoulizwa sababu alisema kwamba mke wake hushinda nyumbani na huwapa maskini mkate ulio tayari kuliwa. Wasimulizi walikuwa wanaume, na bado walijua sala ya nani ilitangulia. Dorkasi wa Matendo 9, aliyewashonea wajane nguo, ni wa jamii hiyo hiyo ya watu.

Sasa Magdalena. Yohana 20:12 inasema aliona malaika wawili wenye mavazi meupe, mmoja kichwani na mmoja miguuni, pale mwili ulipokuwa umelazwa. Petro na mwanafunzi mwingine waliingia kabla yake wakaona vitambaa tu. Kutoka 25 inaamuru makerubi wawili, mmoja mwisho huu na mmoja mwisho huu wa kiti cha rehema, na Mungu anasema atazungumza na Musa kutoka katikati yao. Injili iliyoanza kwa kusema Neno alikaa kwetu na utukufu wake ukaonekana haiandiki nafasi za malaika wawili bila kukusudia. Anayechungulia mahali pale ni mwanamke, naye anaitwa kwa jina lake kama Musa na Samweli walivyoitwa. Kuhani mkuu aliingia patakatifu mara moja kwa mwaka. Huyu alikuja alfajiri akilia.

Tena alitoka Magdala, mji ambamo mwaka 2009 lilifukuliwa sinagogi la karne ya kwanza, na ndani yake jiwe lililochongwa kinara cha matawi 7, wakati Hekalu bado limesimama. Upande mmoja wa jiwe hilo, baadhi ya wanaakiolojia wanaona magurudumu na moto, yaani gari la utukufu aliloliona Ezekieli katika maono. Kama wanasoma sawasawa, mafundisho ya kiti cha enzi yalikuwa yamechongwa katika jiwe mbele ya macho ya wavuvi na wake zao katika mji wake. Na huyu ndiye mwanamke ambaye Papa Gregori wa Kwanza, katika mahubiri ya mwaka 591, alimchanganya na mwenye dhambi wa Luka 7, hata ikachukua hadi mwaka 1969 kwa kalenda ya Roma kuwatenganisha, na mwaka 2016 kwa siku yake kupewa hadhi ya sikukuu kama za mitume.

#10 Mchangiaji (mchungaji)

Dada, nimebarikiwa sana na mabinti wa Ayubu. Bado unanidai 14:34.

#11 Mleta uzi

Kweli Mchungaji, unanidai, ngoja nikulipe.

Aya za 34 na 35 zina tatizo ndani ya hati zenyewe: baadhi ya hati za kale za Magharibi zinaziweka mwishoni mwa sura, baada ya aya ya 40. Wasomi kadhaa wanaona hii ni dalili kwamba ziliingizwa na mnakili kutoka pembeni mwa ukurasa. Wengine wanasema Paulo aliziandika, lakini alilenga vurugu fulani. Mimi naelekea upande wa kwanza, kwa sababu haiwezekani mtu awape wanawake utaratibu wa kutoa unabii katika sura ya 11, kisha awazuie kufungua kinywa katika sura ya 14.

Lakini kinachoniuma zaidi ni maelezo yanayofuata. Husemwa kwamba agizo la kunyamaza lilitoka katika sinagogi, ambako mwanamke eti hakuwa kitu. Msomi Bernadette Brooten alikusanya mwaka 1982 maandishi 19 ya Kiyunani na Kilatini, mengi yakiwa ya makaburini, ambamo wanawake Wayahudi wana vyeo vya sinagogi. Rufina wa Smirna, katika karne ya 2 au ya 3, anajiita Myahudi na mkuu wa sinagogi, naye amejenga kaburi kwa ajili ya watumwa alioachia huru na watu wa nyumba yake, na nakala ya hati hiyo ikawekwa katika ofisi ya kumbukumbu za umma. Sofia wa Gortina, Krete, anaitwa mzee wa sinagogi na mkuu wa sinagogi. Watafiti waliomtangulia Brooten walizoea kusema kwamba vyeo hivyo ni vya heshima tu, vya waume zao, ingawa hakuna mume yeyote aliyetajwa katika jiwe la Rufina. Smirna ni mji ule ule ambao una barua yake katika Ufunuo 2. Kwa hiyo, Mchungaji, akina mama wa kanisani kwako wakikuuliza, waambie kwanza kwamba wasiukubali ule usemi wa kwamba kunyamaza ni urithi kutoka kwa Wayahudi, kisha mfungue sura ya 11 pamoja nao na kuanzia aya ya 5.